Kuku Aliyeatamia Ndani ya Kofia Ngumu

Kile kipikipiki nilikinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mabatini wakisimulia habari hii husema kililetwa na mume wa binti yangu. Mume gani? Mume alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akaoa dhahabu huko huko. Nilikinunua mimi, kwa dagaa wangu, kutoka kwa mzungu mchimba visima aliyekuwa anarudi kwao na kuuza kila kitu mpaka vijiko.

Kilikuwa cha buluu iliyopauka, na injini ndogo kama sufuria ya uji wa mtoto. Kilikuwa na pedali. Hilo la pedali mlishike. Ulipanda, ukakanyaga kama baiskeli hatua kumi na tano hivi, kikakohoa, kikashika, ukaacha kukanyaga. Kilikunywa petroli iliyochanganywa na oili kidogo na kikatoa moshi kama mzee mwenye kiko. Mzungu alinipa pamoja na kofia ngumu, nyeupe, ndani ina sponji, na mkanda wa kufunga chini ya kidevu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa kwamba kofia na kipikipiki ni kitu kimoja, nisivitenganishe. Nikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ya kumaliza biashara.

Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Ukitaka kuuza mitumba, ruksa. Ukitaka kufungua baa mlangoni kwako, ruksa. Sangara walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunabaki na vichwa na mifupa, mapanki, tunayakaanga na kuyala, na hiyo pia ilikuwa ruksa. Kila mtu alijinunulia kitu ambacho baba yake hakukijua. Mimi nilimnunulia mwanangu mtambo.

Nilizaa watano, akabaki yeye. Mimi nimekaa shuleni miaka miwili tu. Kuandika huku nimekupata katika kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Yeye akawa mwalimu. Sikuwa namwita kwa jina mbele za watu. Nilikuwa nasema, "Mwalimu amekula?" "Mwalimu amerudi?" Hata kama nazungumza na kuku. Alifundisha shule ya msingi njia ya Kiseke, na kutoka kwetu Mabatini alikuwa anafika vumbi jekundu magotini kama mtu aliyetoka kulima. Mwalimu hawezi kusimama mbele ya watoto na miguu ya mkulima wa jembe. Ndivyo nilivyoona mimi.

Mtu mmoja mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa tunapoanikia dagaa, aliniambia chombo kile lazima kiandikishwe. Nikakwenda ofisi ya mtaani wanakotoa vibati vya baiskeli, vile vya kufunga kwenye fremu kuonyesha umelipa ushuru. Karani hakuinua kichwa.

"Ni baiskeli?"

"Ndiyo. Ina pedali."

Hakutoka nje kuangalia. Akanipa kibati. Nikakifunga mwenyewe kwa waya, nikakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Nilijua kwamba nimempunja yule karani, lakini kidogo tu, kama unavyotikisa kopo la dagaa lisijae sana.

Jumamosi moja binti yangu alisimamisha kipikipiki mbele ya meza yangu pale Mabatini, mjukuu wangu wa kike amekaa nyuma kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa. Alikuwa na miaka saba. Tulikuwa wanawake sita au saba tunauza. Askari wa barabarani akaja kwa miguu, kijana, magwanda yamepigwa pasi, viatu vinaonyesha uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hawa wa leo wameanikwa juu ya mawe, hawana mchanga hata chembe. Nikupimie?"

"Sikuja kununua, mama. Dada, naomba leseni yako."

Binti yangu akafungua mdomo. Nikaingia mimi.

"Leseni ya baiskeli? Tangu lini?"

"Hii si baiskeli, mama. Ina injini."

"Na hizi?" Nikapiga pedali kwa ncha ya kandambili yangu, ikazunguka. "Hizi ni nini, masikio?"

Wanawake wakacheka. Nikahisi lile joto. Ulimi wangu unajulikana kuanzia Kirumba mpaka Igoma, na ukishapata wasikilizaji hautaki kurudi ndani.

Yule kijana hakukasirika. Alieleza pole pole, kama anayemweleza mama yake mzazi. Sheria haitazami pedali, alisema, inatazama injini. Chombo chenye injini, hata ikiwa ndogo kama ngumi, kinasajiliwa, kinapewa namba, kinakatiwa bima ili ukimgonga mtu au ukigongwa kuwe na pa kushika. Anayekiendesha sharti ajifunze na apewe leseni. "Na kofia, dada. Kofia iko wapi?"

"Iko nyumbani," binti yangu akasema.

"Nyumba haiendeshwi, haihitaji kofia. Na mtoto huyu usimbebe hapo, kiti ni kimoja. Nimekuona jana pale Buzuruga ukiingia barabara kubwa. Ulitambaa ukingo wa kulia, unawakabili wenye magari, kama wanavyofanya watu wa baiskeli. Usifanye hivyo. Simama kabisa, tazama huku na huku, ndiyo uvuke uingie upande wako."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikamwambia, "Mwanangu, mzunguko wote huo wa nini? Sema tu unataka soda."

Kila mtu alijua soda ni nini. Miaka ile askari akisimamisha mtu, mtu anaanza kupapasa mfuko kabla hajaulizwa.

"Sijaomba soda, mama."

"Bado hujaomba. Koo linaandaliwa kwanza."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga dagaa zake. "Ruksa imetangazwa nchi nzima," nikaendelea, "wewe peke yako umebaki unakataza. Nenda kakamate malori." Yule kijana alibadilika rangi. Akafunga daftari lake. Kabla hajaondoka akamwambia binti yangu kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Dada, njoo kituoni Jumatatu. Nitakuelekeza kila kitu. Hakuna atakayekuomba chochote."

Akaenda zake. Wanawake wakanipongeza. "Mayu, wewe hapana. Umemmaliza." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na siku ile walilitamka kama cheo. Niliuza dagaa zote kabla ya saa sita.

Jioni binti yangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuniangalia.

"Mama, yule askari amesema kweli."

"Kweli ya nani?"

"Jumatatu nitapita kituoni."

"Pita. Halafu mimi nitakaa mezani kwa uso gani? Waseme yule kijana alinishinda, mwanangu mwenyewe amekwenda kumpigia magoti?"

"Si magoti, mama. Ni leseni."

"Nimesema."

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mwalimu, mama wa mtoto. Lakini kwetu mtoto hazeeki mbele ya mama yake. Hakwenda. Kesho yake nikaona amefungua gunia la keria na kulikunja upya kuwa la kubebea madaftari, na mjukuu wangu hakupandishwa tena, analia anaachwa. Na kila asubuhi alivaa kofia, hata kichwa kikiwa kimesukwa jana yake. Mambo hayo mawili aliyachukua kwa yule askari kimya kimya, bila kunieleza, nami nikajifanya sioni. Hilo la kuingia barabara kubwa hakulichukua. Sijui kwa nini. Labda mtu akikatazwa kwenda kujifunza, anaokota anachoweza kukiokota.

Shule zikafungwa. Kipikipiki kikasimama, kofia ikawekwa jikoni juu ya kuni, mdomo ukitazama juu. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, mkali, hakuna mwewe aliyewahi kumchezea. Akaiona. Ina sponji, ina duara, ina giza. Akataga humo. Nilipoona yai la kwanza nilicheka nikamwita mjukuu wangu aje aone. Sikulitoa. Nikaongeza nyasi kidogo pembeni. Yai la pili, la tatu, mpaka kumi na moja, ndipo kuku akajikalia akavimba manyoya, ukisogea anakunguruma.

Mtu aliyelelewa na mama yangu hamwondoi kuku anayeatamia. Ukimhamisha huyasusa mayai, yanaoza, na kwetu walisema nyumba iliyomwamsha kuku kwenye mayai na yenyewe itaamka ikimbie. Nimekua nikiona watu wanapikia nje kwa wiki tatu kwa sababu kuku kaatamia penye mafiga. Sikulifikiria hata. Lilikuwa jambo kama kutopita juu ya miguu ya mtu.

Shule zikafunguliwa kuku akiwa katikati ya kuatamia. Asubuhi ile binti yangu alisimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, kofia yangu."

"Unaona ilivyo na mwenyewe."

"Tumhamishie kwenye kikapu. Pole pole tu."

"Umhamishe asuse. Zimebaki siku tisa. Siku tisa kichwa chako kitaota nini?"

Mjukuu wangu akasema, "Bibi, askari alisema kofia." Nikamwambia akavae viatu.

Binti yangu alimtazama kuku, akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Haya. Kuku ana leseni kuliko mimi." Akakanyaga pedali akaondoka. Akarudi salama. Kesho yake akarudi salama. Ukirudi salama mara sita, unaona wanaoogopa ni wajinga.

Siku ya saba nilikuwa mwaloni nageuza dagaa juani. Mwanamke mmoja anayeuza maandazi kwenye stendi ya Buzuruga alikuja anakimbia, mikono ina unga. Akaniita mayu mara tatu bila kuongeza neno. Njiani ndipo alinieleza. Binti yangu alikuwa anatoka kazini. Alipofika barabara kubwa hakusimama. Aliingia akitambaa na ukingo wa kulia, akitafuta upenyo avuke, kama watu wa baiskeli. Gari lililobeba barafu ya samaki lilikuwa linalipita basi lililosimama. Halikumgonga hata kwa nguvu, alisema mwenye maandazi. Lilimgusa usukani. Akaanguka kando. Lakini Mwanza yetu imekaa juu ya mawe, huwezi kuanguka kando usikute jiwe.

Mwili wote haukuwa na kitu. Goti lilichubuka. Nilipomwona kitandani hospitalini amefungwa kichwa nilishukuru, nikawaambia wauguzi kichwa cha huyu ni kigumu, amesomea huyu. Hakuamka siku ile. Wala ya pili.

Siku ya pili alasiri akaja yule askari. Yule yule. Alivua kofia yake mlangoni.

"Shikamoo mama."

Aliketi kwenye benchi, akaacha nafasi kati yetu, akatoa karatasi.

"Pole sana mama. Kuna maswali sina budi kuyauliza. Alikuwa anaendesha chombo gani?"

Alikuwa anajua. Alikiona kwa macho yake, alikieleza mbele ya watu. Angeweza kujiandikia mwenyewe. Nilimtazama usoni nikitafuta kisasi, nikikipata nimtukane, nipate mahali pa kushika. Hakikuwemo. Alikuwa kijana mwenye kalamu anayesubiri.

"Pikipiki," nikasema.

"Ina namba?"

"Ina kibati."

"Cha nini, mama?"

"Cha baiskeli."

Akaandika. Akauliza leseni, nikasema hana. Bima, hapana. Kila nikijibu anaandika neno moja fupi, na kalamu ilikuwa na sauti.

"Kofia?"

Muuguzi alipita na ndoo. "Iko nyumbani," nikasema, maneno yale yale ya binti yangu siku ile mezani. Habari ya kuku sikumwambia. Sikumwambia yeye, wala wanawake wa mwaloni, wala mchungaji alipokuja kuomba. Naiandika hapa mara ya kwanza.

Kesi haikwenda popote. Dereva alikuwa upande wake, ana leseni yake, ana bima yake. Binti yangu alikuwa upande usio wake, juu ya chombo ambacho serikalini hakipo. Sikumlaumu dereva. Ningependa sana kumlaumu.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani kuchukua kanga. Jikoni kulikuwa na kelele. Vifaranga walikuwa wametoka, kumi kati ya mayai kumi na moja, wengine bado wana maji, wanapanda juu ya mgongo wa mama yao na kuteleza kwenye ukingo wa ile kofia nyeupe. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa mbele yao. Alikuwa amewawekea maji kwenye kifuniko. "Bibi, wote wazima," akaniambia, "hakuna hata mmoja aliyeumia." Alikuwa ananipa habari njema, maskini, alikuwa amengoja siku nzima aje mtu wa kumpa. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Kofia haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Binti yangu aliamka wiki ya pili. Macho yakafunguka, nikapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. Akanitazama kwa adabu. Akasema, "Shikamoo." Nikaitikia. Kisha akamwuliza muuguzi huyu mama ni nani.

Watu waliniambia nisubiri. Nimesubiri. Kuna siku ananiita mama, na kuna siku mimi ni mwanamke wa jirani aliyekuja kusaidia, ananishukuru sana kwa uji. Ubaoni hakurudi. Alijaribu mara moja, mwalimu mkuu alimwonea huruma akampa darasa la kwanza; akashika chaki, akasimama, akasimama. Watoto wadogo wale walinyamaza wenyewe, hakuna aliyewakemea. Kipikipiki niliwaachia watu wa vyuma chakavu. Kibati nilikifungua kwanza, sijui kwa nini, kipo ndani ya sanduku langu pamoja na vyeti vyake.

Mjukuu wangu anasoma. Hilo nitalisema popote: anasoma kuliko mama yake alivyosoma umri ule, na kila barabara anasimama kabisa, anatazama huku, anatazama huku, hata kama hakuna kitu ila mbuzi. Watu wanamcheka. Mimi sicheki mtu tena barabarani.

Yule askari nilimwona mara moja zaidi, Mabatini, anamweleza mtu mwenye pikipiki habari za kofia. Watu walikuwa wamekusanyika, kuna mwanamke alisema, kwa sauti, mpe soda yake aende. Wakacheka. Nilikuwa na beseni kichwani. Nilitaka kusema neno, kwa ulimi wangu ule ule unaojulikana. Nikapita.

Miezi michache baada ya kutoka hospitali binti yangu alianza kuanguka. Anakuwa amekaa vizuri, mara macho yanageuka, anakwenda chini kama gunia. Mara mbili alipiga kichwa kwenye kizingiti. Daktari akasema ni lile jeraha, dawa zitapunguza lakini hazitamaliza, na kichwa chake kisigonge tena kitu kigumu. Akauliza, hatuna kitu cha kumvisha nyumbani, kitu chenye sponji ndani?

Niliiosha kwa sabuni ya mche, maji saba. Mavi ya kuku hukamata kwenye sponji. Niliyakwangua kwa kijiko. Harufu haikuisha yote, na jua likiwa kali inarudi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, nampiga mswaki, namsuka kama nywele zimefumuka, namvika kofia. Yeye anainua kidevu mwenyewe ili nifunge mkanda. Hilo halikupotea, mkono wake unakumbuka, anapapasa kuona kama mkanda umeshika, halafu anasimama, anashika mkoba wake wa madaftari ambao ndani hauna kitu.

"Mama," anasema, siku ambazo mimi ni mama, "nitachelewa."

Nami nambembeleza akae.